Jina la Mama Cherehani

14 Novemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi anakusalimu kabla yangu, kwa sababu amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha naanza na salamu zake. Hajambo, isipokuwa lile goti la kushoto. Anauliza kama soksi unafua mwenyewe au majaji wana watu wa soksi. Sasa ameondoka, naweza kuandika vizuri.

Mtihani wa mwisho nilimaliza Ijumaa. Wenzangu walirusha madaftari juu na kuandikiana majina kwenye mashati. Mimi nilisimama karibu na bomba hadi wakaondoka. Wawili tu waliandika kwenye shati langu, na mmoja alikosea herufi. Sare nimeikunja, iko chini ya kitanda.

Nyumba ni kubwa tangu uondoke. Ulipokuwa wakili na diwani wa hapa sikuwahi kuona sakafu ya sebule siku ya Jumamosi, kwa miguu ya watu. Sasa naiona yote, na kuna ufa unaotoka mlangoni mpaka kwenye kabati.

Siku unaondoka kwenda kuapishwa kuwa jaji, uliniambia kwenye ngazi za nyuma, umeshika sanduku, kwamba nikimaliza shule utaniita nije kukaa nawe. Miaka mitatu imepita. Sikukumbushi. Ninasema tu kwamba nimemaliza.

Karani wako


2 Desemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie Mama kwamba soksi nafua mwenyewe kila Jumapili, na moja hupotea kila mwezi. Uchunguzi unaendelea. Goti alipake mafuta na aache kupanda kwenye kiti kufuta taa.

Hongera kwa kumaliza. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, maana mkono wangu siku hizi umezoea kuandika mambo ya watu wengine tu.

Umeuliza maisha yangu ya hapa, au hukuuliza lakini nakujibu. Ofisi yangu ina dirisha linalotazama ukuta. Chakula cha mchana nakula humo humo, peke yangu. Jaji hapendezi kuonekana mkahawani akicheka na mtu, kwa sababu wiki ijayo mtu huyo huyo anaweza kusimama mbele yake na kesi. Mimi niliyekuwa nikisalimia barabara nzima kutoka nyumbani hadi sokoni, sasa natembea nikitazama viatu vyangu. Vinang'aa sana.

Hayo mengine tutaongea.

Mjomba


20 Desemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi amepaka mafuta, na bado anapanda kwenye kiti. Nimekificha kiti, sasa anapanda kwenye ndoo.

Kuna jambo sikukuambia kwa sababu nilidhani litakoma lenyewe. Watu bado wanakuja siku za Jumamosi. Si wengi kama zamani, watano au sita. Wanajua kabisa wewe si diwani tena. Diwani mpya ana ofisi yenye foleni na karatasi za namba, nao wanasema hawawezi kuongea na karatasi ya namba. Mimi sijui kuwaambia waende. Nafungua mlango, naweka chai, naandika shida zao kwenye daftari kama ulivyonifundisha uliponiita karani wako: nani, wapi, tangu lini. Wakishaandikwa wanapumua, wanaondoka. Sifanyi chochote na daftari hilo. Nafikiri wanajua pia.

Mama Cherehani alikuja wiki iliyopita, na safari hii hakuleta utani wake. Unamkumbuka, yule wa kibanda cha nyuma ya soko, aliyenishonea sare zangu zote na kila mwaka akaniacha na pindo refu akisema mimi mbishi wa kukua. Kuna mtu amenunua uwanja wote ule, na sasa amempeleka mahakamani ili atoke. Wito aliuweka mezani, akaugeuza upande wa maandishi chini, kana kwamba unamtazama. Hana karatasi yoyote. Alisema, "Karatasi yangu ni mdomo wa mjomba wako."

Nami nakumbuka. Nilikuwa na miaka minane. Ulinipa ncha ya kamba niishike, ukahesabu hatua saba huku na tano kule, ukamwambia, "Kaa hapa, mama, hakuna atakayekutoa." Kamba ilikuwa ya kijani. Nilijivuna wiki nzima kwamba nimepima ardhi.

Sikuombi ufanye lolote. Nakuambia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, na kwa sababu siku ile natamani irudi. Koti lako la kijivu bado liko nyuma ya mlango. Siku nyingine nalivaa nikisoma, nakunja mikono mara tatu. Geti likilia mchana huwa nanyanyuka kabla sijafikiri, halafu namkuta mtu wa maji, nami nasimama pale kama nilikuwa nakwenda mahali.

Mjomba, nije lini?

Karani wako


30 Januari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi anauliza kama posta ya huko imefungwa.

Mwaka mpya umeanza bila barua yako. Nimehesabu siku ambazo barua huchukua kuja na kwenda, nikaongeza wiki mbili za uzembe wa watu, bado hazifiki. Kama nimeandika neno baya, niambie ni lipi. Nimejaribu kuikumbuka barua yangu yote na sioni neno hilo, labda lile la koti. Kama hupendi nilivae, silivai tena.

Karani


11 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Barua yako ya tarehe 20 Desemba ilinifikia tarehe 5 Januari. Niliisoma nikitabasamu hadi nilipofika kwenye kamba. Hapo nilisimama, nikafungua kabati, nikatoa jalada lililokuwa kwangu tangu Novemba. Mdai ni mnunuzi wa uwanja, ambao humo umeandikwa kwa namba tu. Mdaiwa ni mwanamke mwenye majina matatu, lake, la baba yake na la babu yake. Nilikuwa nimelisoma jina hilo labda mara kumi na halikuniambia kitu. Miaka yote nimemwita Mama Cherehani. Nimekunywa chai kwake, nimemzika mume wake, na jina lake sikuwahi kuuliza.

Ungeniandikia juu ya mtu mwingine yeyote, barua ingekaa mfukoni kwangu. Lakini barua inayogusa kesi iliyo mbele ya jaji si mali ya jaji tena. Inaingia kwenye jalada, na pande zote mbili zina haki ya kujua kilichomo. Nilitaka isomwe aya ile moja tu. Wakili wa mnunuzi alisema hawezi kujua kilichofichwa kwenye aya nyingine. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Ilisomwa yote, mbele ya watu, tarehe 28 Januari. Kisha nikajitoa kwenye shauri hilo, limepewa jaji mwingine.

Mpaka liishe, usiniandikie habari za Jumamosi, za kibanda, wala za mtu yeyote anayebisha hodi hapo. Andika afya na hali ya hewa. Nami nitafanya hivyo. Sikukasirika, na koti si kosa.

Mjomba


20 Februari

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Mvua haijanyesha. Bibi hajambo. Mimi sijambo.

Nilitaka kuongeza sentensi moja lakini sijui kama ni hali ya hewa.

Karani


4 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa jua ni kali. Asubuhi ya leo ulishuka ukungu, ukafunika ule ukuta wa mbele ya dirisha langu, kwa hiyo kwa nusu saa nilikuwa na mandhari. Afya njema.

Kama sentensi yako ina mawingu ndani, nadhani itakubalika.

Mjomba


27 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Goti la Bibi linasema mvua iko karibu, na kwa kawaida halisemi uongo. Mawingu yamekuwepo tangu Jumatatu. Yanatokea upande wa kaskazini, ambao ndio upande wako. Nimegundua kwamba natazama upande huo kuliko pande nyingine zote, hata siku ambazo hakuna mawingu.

Naamini hii ni hali ya hewa.

Karani


15 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimepokea hali ya hewa yako na nimeisoma mara mbili. Upepo wa hapa siku hizi unavuma kutoka kwenu. Nimeanza kufungua dirisha, ingawa unapeperusha karatasi. Kikohozi kidogo, kimepita.

Huenda nisiandike kwa muda. Usiniulize sababu, utaisikia kwa wengine. Mwangalie Mama.

Mjomba


8 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Bibi hajambo, mimi sijambo, mvua imekwisha, na shauri nalo limekwisha. Sasa naweza kuandika.

Mama Cherehani alirudi kutoka huko Alhamisi, kwa basi la mchana. Alikuja kwetu moja kwa moja akiwa na mfuko wake, akakaa jikoni, akaeleza kila kitu huku akimenya viazi vya Bibi bila kuombwa.

Alisema wakili wake alipotaka uitwe kuwa shahidi, wenzako walikushauri uandike maelezo na kuyatuma tu. Wewe ulikwenda kwa miguu yako. Ulisimama mahali wanaposimama mashahidi, kwenye jengo unalofanyia kazi, mbele ya jaji mwanamke ambaye Mama Cherehani anasema ni mdogo kwako kwa miaka mingi na hakujua atazame wapi. Wakili wa mnunuzi alikuuliza kama ulikuwa na mamlaka ya kumpa mtu eneo lile.

Ulisema, "Sikuwa nayo."

Akakuuliza kama ulimwandikia chochote.

"Hapana. Nilisema tu. Nilisema hivyo kwa watu wengi, na nilipenda jinsi walivyonishukuru."

Hayo ndiyo maneno yako kama alivyoyasema. Nimemuuliza mara mbili.

Ameshindwa. Amepewa mpaka mwisho wa Julai kuhama. Alisema, "Nimeangushwa na ukweli wa mtu wangu mwenyewe. Uongo wake mmoja ungenitosha, akaninyima." Kisha akacheka, lakini kiazi alichoshika alikimenya mpaka kikaisha.

Nilikukasirikia siku mbili. Siku ya tatu Bibi alimwambia alete cherehani kwenye baraza yetu, naye akaileta. Iko hapo sasa, inapiga kelele tangu asubuhi. Watu wa Jumamosi wanakaa kuizunguka na daftari langu halina kazi, maana wanamwambia yeye.

Nilimwomba pia anieleze siku ile barua yangu iliposomwa. Sikutaka kujua, lakini nilikuwa siwezi kulala kwa kutojua. Alisema karani wa mahakama aliisoma kama mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Alipofika kwenye koti, wewe ulitazama saa ya ukutani. Alisema saa hiyo imesimama, na wewe uliitazama mpaka barua ikaisha. Nimeona aibu nyingi maishani, Mjomba, hata ya kuitwa jina darasani. Hii ilikuwa kubwa kuliko zote. Watu wasionijua sasa wanajua kwamba nanyanyuka geti likilia.

Kwa hiyo sina cha kuficha tena. Nauliza wazi. Nije?

Karani wako


28 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimeianza barua hii mara nne. Mwambie Mama Cherehani kwamba nimepokea maneno yake. Mwambie pia kwamba namshukuru kwa viazi. Ataelewa.

Wewe ni mtu mzima sasa na nitakujibu hivyo. Nilipokuahidi kwenye ngazi nilimaanisha. Halafu nikafika hapa, nikaanza kusoma mashauri. Kila wiki anatokea mtu mmoja aliyeambiwa kaa hapa na mtu mkubwa, kwa mdomo, na mtu huyo mkubwa ameshahama. Nawaandikia hukumu ya kuwatoa. Sheria haina njia nyingine. Na kila barua yako ilikuwa inaniletea habari za diwani yule wa Jumamosi, jinsi alivyokuwa mzuri, jinsi nyumba ilivyojaa. Nilikuwa namkimbia mtu huyo, nawe ulikuwa unamtuma kwangu kwa posta.

Nilifikiri, akija atanitazama kila asubuhi kwa macho yale ya aliyeshika kamba. Sikuweza. Nilisubiri upunguze kunipenda kidogo, ndipo nikuite. Hayo si mambo ya kumwambia mtoto, ndiyo maana sikuyasema.

Baki na Mama kwanza. Maisha ya hapa hayana watu.

Mjomba


17 Julai, saa nne asubuhi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Karatasi hii nimechana kwenye daftari la Jumamosi, samahani kwa kingo zake. Nimekaa mahakamani kwako, benchi la mwisho, upande wa ukuta, nyuma ya mwanamke mwenye mwavuli. Nimefika jana jioni kwa basi, nikalala kwa dada yake Mama Cherehani. Bibi ndiye aliyenifungia mizigo. Alisema ana watu wa kutosha kwenye baraza na hahitaji mlinzi wa ndoo.

Nilikuja na hotuba. Niliifanyia mazoezi njia nzima mpaka jirani yangu kwenye kiti akaniuliza kama naumwa. Imepotea yote ulipoingia na watu wote wakasimama. Nami nilisimama. Nilikuwa sijawahi kusimama kwa sababu wewe umeingia.

Umekonda. Miwani umeitundika kwenye uzi kama mwalimu wetu wa hesabu. Nilidhani jaji anaongea sana, kumbe huongei. Unaandika. Yule mzee wa mbuzi waliopotea alipokuwa anaeleza haraka haraka, ulimwambia, "Taratibu, baba, nisubiri niandike," naye akakusubiri, akawa anatazama mkono wako ukienda. Alipomaliza ulimsomea yote aliyosema, ukamuuliza kama ndivyo. Alisema ndivyo. Nilimwona usoni. Nadhani hakuna aliyewahi kumrudishia maneno yake yakiwa kamili.

Mjomba, uliniandikia kwamba nilikuwa namtuma diwani kwako kwa posta. Ni kweli, nilikuwa namtafuta, kwa sababu ndiye pekee niliyemjua. Huyu wa leo sikumjua. Nimemtazama saa nzima sasa. Ningependa kukaa na huyu.

Sina kesi. Sina ombi la mtu yeyote. Basi la kurudi linaondoka saa nane. Nampa karatasi hii askari wa mlangoni akupe mkipumzika. Kama jibu ni lile lile la Juni, usiandike chochote, nami nitaelewa na sitafanya fujo, unanijua.

Karani


17 Julai, saa tano na nusu

Mpwa wangu,

Marahaba.

Nilikuona watu walipokuwa wanakaa. Ulijigonga kwenye benchi la mbele yako ukaliomba benchi msamaha. Tangu hapo nimemwomba shahidi wa pili arudie jibu lake mara tatu, na mara zote tatu kalamu yangu haikuandika kitu. Wakili ameniuliza kama naumwa.

Nimeahirisha mpaka kesho. Sijawahi kuahirisha shauri kwa sababu yangu mwenyewe, na nimeliandika hivyo kwenye jalada, kwa sababu yangu mwenyewe.

Usiende kituo cha basi. Chumba cha pili nyumbani kwangu kimejaa vitabu na makaratasi mpaka dirishani, na kitanda kiko chini yake mahali fulani. Tutakitafuta wote wawili.

Majaji wana mlango wao wa nyuma, na gari husubiri huko. Nimelirudisha gari. Nitatoka kwa mlango huo ulio karibu yako, unaopita watu wote. Baki hapo hapo ulipo, na nikifika usisimame.

Mjomba